Sista Hakuamini Sinema

Sista hakuamini kifo cha mtu yeyote kwenye sinema. Jambazi angepigwa risasi tatu za kifua, aanguke kutoka ghorofani, afunikwe shuka jeupe na mjane wake aangue kilio, lakini Sista angebaki amekunja mikono akilitazama lile shuka. "Linapanda na kushuka," angesema. "Huyo anapumua." Nasi sote tuliokaa kwenye mikeka tungelitazama shuka, na kweli, ukikaza macho, lilikuwa linapanda na kushuka. Baada ya hapo huwezi tena kumlilia marehemu.

Tulimwita Sista kwa sababu ya kazi, si kwa sababu ya utawa. Alikuwa ameuguza wagonjwa miaka mingi huko Pwani mpaka akapewa wodi nzima aiongoze, kisha akaacha kabla ya umri wa kustaafu na kuja kupanga chumba Voi. Kwa nini aliacha, hakuna aliyejua. Kwenye ploti yetu kulikuwa na wapangaji sita na sababu sita. Mimi nilipanga chumba cha pili kutoka chake mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Mghange kule milimani. Naye kwao kulikuwa huko huko juu, lakini nikimsalimu kwa Kidawida, lugha ya kwetu, alinijibu kwa Kiswahili, kana kwamba nilikuwa najaribu kumtoa siri.

Sinema tulizitazama kwa Bwana Athmani, mwenye duka la vitambaa. Yeye na mkewe, Bi Rehema, walikuwa watu wa asili ya Pwani, wakarimu, na walikuwa na televisheni na deki ya kaseti wakati ambapo vitu hivyo mjini vilihesabika. Jumamosi saa nane mchana walifunga duka, wakasogeza majora ya vitambaa kwenye stoo ya nyuma, wakatandika mikeka. Stoo ile ilikuwa na ubaridi wake, na ukijua joto la Voi utaelewa kwa nini watu wengine walikuja hata bila kuuliza ni picha gani. Wanawake tulikaa kwenye mikeka, wanaume kwenye viti karibu na mlango. Sista peke yake alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakiweka ukutani, mgongo wake usiwe na mtu nyuma.

Picha ikiisha, Bi Rehema alileta chai ya tangawizi na mahamri, na hapo ndipo lilipoanza lile ambalo wengi wetu tulilifuata.

"Haya, maoni," alisema. "Atakayekula mahamri yangu asiniondokee hivi hivi."

Kila mtu alikuwa na lake. Bwana Athmani alimtetea baba wa kwenye picha, awe mkali, awe mlevi, maadamu ni baba. Mimi nilipenda picha za mapenzi na sikuona haya kusema. Sista alisubiri mpaka mwisho, akapuliza chai yake, kisha akaibomoa picha nzima ukuta mmoja mmoja. Yule msichana aliyekimbia msituni siku tatu, mbona kucha zake safi? Yule tajiri aliyepooza, mbona miguu haikukonda? Kilio cha mama mkwe alikikataa kabisa. "Aliaye bila kamasi hajalia," alisema. "Mimi nimewaona wanaolia."

"Sista wee, watuharibia raha," Bi Rehema alimwambia siku moja.

"Raha yako iko wapi ikiwa unadanganywa?"

"Si najua kama nadanganywa? Ndiyo raha yenyewe."

Sista alilitafakari hilo kwa muda, akalikataa pia.

Hakuwa hivyo kwa sinema tu. Maziwa ya asubuhi aliyadondosha tone moja juu ya ukucha wa kidole gumba, aone kama yatateleza upesi kama maji. Maji ya kunywa aliyachemsha, yakapoa, akayachemsha tena. Fundi aliyekuja kuziba paa lake alisimamiwa kutoka chini mpaka akateremka. Mwaka mmoja kifuniko cha ndoo yake kilipotea, akamshuku mpangaji wa chumba cha mwisho, kijana mpole wa Kikamba aliyetengeneza magari, na kwa wiki mbili hakumjibu salamu. Upepo ulipokiangusha kifuniko kutoka juu ya paa, hakusema neno. Jioni ile yule kijana alikuta nyanya nusu sufuria mlangoni kwake, na hakuna aliyekiri kuziweka.

Na bado, mtoto wa yeyote akipata homa pale ploti, ni yeye aliyebisha mlango kabla hujamwita. Ufunguo wake wa akiba aliniachia mimi. "Si kwamba nakuamini," aliniambia. "Lakini wewe ukichukua kitu utajulikana usoni." Sinema aliziita upuuzi, na hakukosa Jumamosi hata moja.

Mimi nami nilimshuku. Alijua mambo mno. Alijua nani amegombana na nani, nani ana mimba kabla mwenyewe hajatangaza. Wakati ule watu walikuwa wakichunga midomo kwa sababu ya siasa za vyama, na wapo walionong'ona kwamba mwanamke anayeacha kazi nzuri na kukaa kimya ploti ya watu, akitazama tu, lazima anatazama kwa niaba ya serikali. Sikuamini hivyo moja kwa moja. Lakini nikiwa na mgeni nilishusha sauti.

Mgeni mwenyewe alikuwa Jaksoni. Alikuwa mtu wa Nairobi, mrefu, nadhifu, mwenye maneno ya kuchagua, na alisema anafanya kazi kwenye kampuni inayoingiza sinema nchini, hivyo yeye huziona kabla hazijafika kwenye majumba. Tulijuana kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu. Baada ya miezi michache akawa anashuka Voi kila mwisho wa mwezi, na kila akija alileta kaseti kwa Bwana Athmani. Ungemsikia akitoa maoni. Alieleza kwa nini mvua ilinyesha pale wapenzi walipoachana, kwa nini nyumba ya tajiri ilikuwa na ngazi nyingi. Stoo nzima ilinyamaza. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikiwa nimejaa fahari, kana kwamba maneno yale nilimfundisha mimi.

Sista alimsikiliza hivyo hivyo alivyolitazama lile shuka.

Jaksoni alipopanda Mghange kujitambulisha kwa wazazi wangu, akiwa na mjomba wake, mambo yakawa yameiva. Tulikubaliana kwamba baada ya harusi nitahamia Nairobi. Nafasi ya kufundisha huko haikuwa na uhakika, lakini alisema kampuni yake haiwezi kukosa kazi ya mtu aliyesoma. Basi nikaandika barua ya kuacha ualimu. Niliiweka ndani ya sanduku langu la nguo, nikingoja mwisho wa muhula.

Jumamosi moja Jaksoni alikuwepo. Picha ilikuwa imekwisha, chai imemiminwa, naye amekwisha toa maoni yake mazuri. Ilipofika zamu ya Sista, hakuibomoa ile picha. Alisema, "Hii ni nzuri. Lakini juzi nilikuwa Mombasa kwa mpwa wangu, nikaona nyingine. Ya mwanamke aliyeshuka stesheni isiyo yake."

"Yahusu nini?" aliuliza Bi Rehema.

"Mama yumo ndani ya treni, ana mtoto mchanga. Treni inasimama stesheni ndogo. Anachungulia dirishani, anamwona mwuza machungwa, sura ni ya kaka yake aliyekufa. Anashuka mbio kumwangalia. Treni inaondoka, na mtoto amebaki ndani." Alimgeukia Jaksoni. "Hiyo umeiona?"

"Ah, hiyo," alisema Jaksoni. "Hiyo niliiona zamani, Sista. Nzuri sana."

"Mimi sikumaliza, mpwa wangu alikuwa na haraka. Kumbe yule mwuza machungwa alikuwa kaka yake kweli?"

"Hapana. Alikuwa askari kanzu."

Watu wakaguna kwa utamu. Bwana Athmani alivuta kiti chake mbele.

"Na mtoto je?" aliuliza Sista.

"Mtoto alichukuliwa na mapadri. Mama anakuja kumpata akiwa mtu mzima, naye ni dereva wa treni ile ile."

Ilikuwa hadithi nzuri. Mpaka leo naiona ilikuwa nzuri. Sista aliweka kikombe chini.

"Sinema hiyo haipo," alisema. "Nimeitunga leo asubuhi nikichambua mchele."

Bwana Athmani akacheka, si kwa ubaya, na kicheko kikazunguka stoo yote mpaka kwa watoto waliokuwa hawajaelewa. Jaksoni naye alicheka. "Sista, umeniweza," alisema. Lakini nilikuwa nyuma yake, nikaona shingo yake ilivyoloa jasho ndani ya ile stoo ya baridi. Alimaliza chai, akashukuru, akaaga. Hakukanyaga tena pale.

Nilimkabili Sista asubuhi ya pili kwenye mfereji, akiteka maji.

"Sista, kusema umeona sinema ambayo hukuiona ni dhambi?"

"Si dhambi."

"Basi kwa nini umemwaibisha?"

"Alinitazama machoni, mwanangu. Hakupepesa. Mtu akidanganya kwa jambo dogo bila kupepesa, la kubwa utalionea wapi?"

"Una wivu," nilimwambia. "Hukuolewa, unataka sote tukae na vigoda vyetu ukutani."

Alifunga mfereji. Ndoo ilikuwa haijajaa. "Ile barua ya kuacha kazi," aliuliza, "umekwisha ipeleka?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Nilimuuliza kama ameingia chumbani kwangu.

"Ulikuja kuniomba bahasha ndefu," alisema. "Mtu hamwandikii mchumba kwa bahasha ndefu."

Sikumsemesha tena kwa miezi miwili. Ufunguo wake nilimrudishia kwa kuupitisha chini ya mlango. Hata hivyo mbegu ilikuwa imeingia, na jambo la kushuku ni kama unga wa mahindi, ukishamwagika chumbani utaukanyaga kila mahali. Nilianza kumsikiliza Jaksoni kwa masikio ya Sista. Alisema amekula kwa rafiki, nikauliza walikula nini. Alisema basi lilichelewa, nikauliza liliharibikia wapi. Alikuwa na jibu kila mara, na kila jibu lilikuwa na rangi yake.

Siku moja tulikuwa tumekaa hotelini karibu na stendi. Nikajisikia nikisema, "Ulipokwenda nyumbani kwetu, ulimsalimu shangazi Wakio?"

"Sana," alisema Jaksoni. "Yule mama ananipenda. Alinipa ndizi za kuchoma, akanikatalia kuondoka."

Mimi sina shangazi anayeitwa Wakio.

Nilimaliza soda yangu. Nilirudi ploti, nikatoa barua sandukuni, nikaichana. Kesho yake nilimwambia Jaksoni kwamba yamekwisha. Aliuliza kama ni kwa sababu ya sinema. Nikamwambia ni kwa sababu ya shangazi, nikamweleza.

Hakukana. Alikaa akiitazama mikono yake, kisha akasema, "Ulivyouliza, niliona unataka niwe nimemsalimu."

Maneno hayo sikuyajali wakati ule. Nilimwona mwongo aliyebanwa.

Ilipita miaka miwili kabla sijasikia habari zake, na aliyenipa ni Bi Rehema, ambaye jamaa zake walipita mara kwa mara barabara kuu ya Mombasa. Jaksoni alikuwa Miasenyi. Alikuwa ameoa mjane mwenye hoteli ya kando ya barabara, wanapouza chai na chapati kwa madereva wa malori. Watoto watatu wa yule mama walimwita baba. Mkewe aliugua mgongo mwaka mzima, naye ndiye aliyempikia, akamwogesha, akaendesha hoteli peke yake. Na ile kampuni ya sinema ilikuwepo kweli. Alikuwa tarishi, anabeba mikebe ya filamu kutoka ofisini mpaka kwenye majumba.

"Kwa hiyo alidanganya nusu tu," alisema Bi Rehema. "Na nani asiyedanganya nusu, mwanangu, akiwa amechumbia?"

Usingizi wangu uliharibika kwa muda baada ya hapo. Sikumtaka tena Jaksoni. Kilichonisumbua ni kwamba sikujua nilimkataa mimi au alikataliwa na Sista kwa mdomo wangu. Wakati huo mimi na Sista tulikuwa tumekwisha patana, kwa namna yake. Nilikuta mlangoni kwangu bakuli la kunde za nazi, nikalirudisha limeoshwa, yakaisha. Lakini jina la Jaksoni halikutajwa kati yetu hata mara moja, na Jumamosi nilipomsikia akiwabomolea wengine picha waliyoipenda, nilitamani mtu amwambie anyamaze. Nilitamani pia aendelee. Nilikuwa siwezi tena kutazama picha bila yeye.

Baadaye miguu ilimsumbua, akarudi Mghange kuishi kwenye nyumba ya ndugu yake. Bwana Athmani alimbebea vyombo kwa pikapu mpaka juu. Sinema ziliendelea, lakini maoni yalipungua utamu. Kila mtu alisema picha ni nzuri, tukanywa chai.

Nilimtembelea likizo iliyofuata zile mvua kubwa za El Nino, barabara ya mlimani ikiwa bado imekatwakatwa, nikapanda kipande cha mwisho kwa miguu. Nilimkuta kitandani, amejifunika blanketi mbili, amekonda. Alinisalimu kwa Kidawida. Nilishtuka mpaka nikachelewa kujibu.

Tulizungumza mambo ya watu wa Voi. Kisha, bila mimi kumchokoza, akasema, "Yule kijana wa sinema. Nasikia ni mume mwema."

"Ndivyo wanavyosema, Sista."

"Na wewe hujaolewa."

"Sijaolewa."

Nje ndugu yake alikuwa akipasua kuni. "Kumjaribu sikukosea," alisema. "Kazi yangu ilikuwa hiyo, kupima. Lakini mgonjwa hupimwa nyuma ya pazia. Mimi nilimvua nguo mbele ya watu, wakamcheka. Ukipita Miasenyi umwambie nimesema hivyo."

Nilikubali. Nilipokuwa narudi nilikuwa na safari ya Mombasa, na basi lilisimama Miasenyi dakika kumi. Niliiona hoteli, milango ya kijani, moshi unatoka nyuma. Sikushuka. Nilijiambia kwamba pengine ile si salamu, pengine Sista ananijaribu mimi, anataka kujua kama moyo wangu bado uko kwa mume wa watu. Nilikuwa nimekuwa mwanafunzi wake mzuri kiasi hicho.

Likizo ya Agosti nilipanda tena. Alikuwa dhaifu zaidi, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Ulimfikishia?"

"Nilimfikishia."

"Akasemaje?"

"Alisema ahsante, yamekwisha."

Alinitazama. Sikupepesa.

"Alikuwa amevaa nini?" aliuliza.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimekwisha liona shati, la bluu, mikono imekunjwa. Nikaufunga. Tukasikia kuku wakiparua chini ya dirisha.

"Sikwenda, Sista," nilisema.

"Najua." Hakukasirika. Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote ile, na vidole vyake vikawa vinatafuta mapigo yangu, pengine kwa mazoea tu. "Utakwenda lini?"

Nilikwenda Jumamosi ileile. Jaksoni alikuwa akifuta meza, amenenepa kidogo, ana mvi kando ya masikio. Mkewe alinisalimu akatupisha. Nilimpa maneno kama nilivyopewa, neno kwa neno, kisha nikaongeza langu mimi kuhusu shangazi. Alisikiliza akiwa ameshika kitambaa. Mwishoni aliuliza kama Sista bado anaweza kula. Nikamwambia anakula kidogo. Akaingia jikoni, akatoka na chapati mbili za moto zilizofungwa kwa gazeti, akasema, "Mpelekee," akarudi kufuta meza yake.

Jumapili nilipanda nazo Mghange. Nilimkalisha Sista, nikamwegemeza kwa mito, nikamwambia zimetoka kwa nani. Alizinusa. Ya kwanza aliila yote, polepole, akitafuna kwa upande mmoja wenye meno. Ya pili aliikata katikati, akanipa nusu.